Pikapu Ikiwa Nzito na Inakula Mafuta, Anzia Kwenye Tairi

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, kina mama wa mazao, na nyinyi vijana madereva mliojibana kule mlangoni. Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Mwenyekiti aliponiomba nije, alisema mada ni magari kukosa nguvu. Nikamuuliza, nguvu peke yake au na mafuta pia? Akacheka. Akasema, fundi, hivyo viwili si huwa vinakuja pamoja? Hapo nikakubali kuja. Ni kweli vinakuja pamoja, tena vina sababu ya kuja pamoja, ila sisi mafundi na nyinyi wenye magari tumezoea kuvitibu kama magonjwa mawili.

Dizeli unayonunua ina kazi ndani yake. Kazi hiyo inaweza kupotelea ndani ya injini, kwa kuwa mafuta hayakuungua vizuri au yameungua kwa wakati mbaya. Au inaweza kutoka kwenye injini salama kabisa, halafu ikaliwa njiani kabla haijafika barabarani. Dereva aliyekaa kwenye usukani hawezi kuona tofauti. Anachojua ni kwamba akikanyaga, gari halichanganyi, kwa hiyo anakanyaga zaidi, na huko kukanyaga zaidi ndiko kunakomaliza tangi.

Nitawasimulia kosa langu mwenyewe, maana la mtu mwingine ningelitia chumvi.

Mwaka juzi mama mmoja mnunuzi wa viazi aliniletea Hilux ya 1996, 4WD, injini ya 3L (hilo ni jina lake, si lita tatu), ile ya cc 2,779 isiyo na turbo. Humu ndani wenye gari kama hiyo hamkosekani. Alisema zamani ilikuwa inampa kilomita 11 kwa lita, sasa inampa 8. Halafu akaongeza neno ambalo masikio yangu yaliliacha lipite: "Fundi, hata nikirudi tupu kutoka Morogoro, Kitonga naipanda kwa gia ya pili."

Njia hiyo mnaijua. Ukitoka huku kwetu Makambako na mzigo, ule mlima wa Kitonga unaushuka. Unaupanda wakati wa kurudi, na wakati huo nyuma kuna turubai na kamba tu. Gari tupu ambalo bado ni zito lilipaswa kunifanya niulize kwanza ni kitu gani kinalishika. Sikuuliza. Nilisikia dizeli, macho yangu yakaona nozeli, zile za kunyunyizia dizeli ndani ya injini. Nikafungua nozeli zote nne, nikapeleka pampu ya dizeli ikapimwe, nikabadilisha filta, nikaandika bili. Mama akalipa. Wiki mbili baadaye akarudi na nane yake ile ile.

Ndipo nilipoweka spana chini.

Kwanza nikapima. "Inakula mafuta" si kipimo. "Ya elfu hamsini imeisha mapema" nayo si kipimo, maana bei ya mwezi jana si ya mwezi huu. Jaza tangi mpaka pampu ikate, andika kilomita. Tembea safari zako za kawaida, zisipungue kilomita 300. Rudi kituo kile kile, pampu ile ile, gari lisimame vile vile, jaza tena mpaka ikate. Lita zilizoingia mara ya pili ndizo ulizotumia. Mama alitembea 312, zikaingia lita 39. Gawanyeni wenyewe, ni 8. Hakuwa amekosea.

Lakini zile kilomita 312 ni za nani? Ni za dashibodi. Nikainama nikasoma ubavu wa tairi. Hilux ile tairi zake za asili ni 205R16, ambayo kimo chake ni kama milimita 740. Zilizokuwa zimefungwa ni 265/75R16, milimita 804. Mwanawe alizifunga kwa sababu zinapendeza, na sitamwonea, zinapendeza kweli. Ila tairi kubwa ikizunguka mara moja inafika mbali zaidi, na dashibodi haina habari hiyo, yenyewe inahesabu mizunguko. Kila gari lilipokwenda kilomita 100 za kweli, iliandika kama 92. Zile 312 kwa haki yake zilikuwa karibu 340, na mama alikuwa anapata 8.7 kwa lita. Kumbe sehemu ya ugonjwa ilikuwa kwenye hesabu. Kama una wasiwasi na ya kwako, washa ramani ya simu, tembea kilomita 20, ulinganishe.

Naona kijana mmoja kule anatabasamu kana kwamba nimezitetea tairi zake. Subiri kwanza, kijana. Ukivaa tairi kubwa namna hiyo umezirefusha gia zako zote tano kwa asilimia 8 bila kufungua gia boksi. Kilima ulichokuwa unakipanda kwa ya tatu, sasa ya tatu haitoshi, ya pili inapiga kelele. Na tairi yenyewe ni nzito zaidi, kila ukitaka kuondoka injini inaanza kwa kubeba ule uzito wa mpira. Kwenye gari lenye turbo utavumilia. Kwenye injini ya 2L, ile ndogo ya cc 2,446, ni kumwonea mzee.

Upepo wa tairi sitaurefusha. Kibandiko kipo kwenye mlango wa dereva, kinasema tupu ujaze kiasi gani na ukiwa na mzigo kiasi gani. Kisomeni.

Baada ya tairi nikalipeleka gari kwenye tambarare, nikafika spidi 40, nikaweka nyutro, nikaliachia. Gari lenye magurudumu huru linateleza mpaka unachoka kusubiri. Lile lilisimama kama limefika nyumbani kwao. Nikazunguka kilomita kama kumi bila kugusa breki isipokuwa nilipolazimika, nikaliacha lisimame lenyewe, nikashuka na chupa ya maji. Usipeleke kiganja, utaacha ngozi pale. Dondosha maji katikati ya kila gurudumu. Mbele yakatiririka. Nyuma kulia yakatiririka. Nyuma kushoto yakasema chwaaa, yakawa mvuke.

Kwa hiyo kwa miezi sijui mingapi mama alikuwa ananunua dizeli ya kuchemshia dramu ya breki. Nikapiga jeki. Gurudumu lile kwa mkono mmoja halizunguki, kwa mikono miwili linazunguka kwa kulalamika.

Hapa sasa fundi mwenye haraka anavunja breki yote na kuandika orodha ya spea. Kuna njia ya kujua bila kubahatisha. Gurudumu likiwa juu, limekaza, fungua ile niple ya kutolea upepo wa breki. Mafuta ya breki yakiruka na gurudumu likawa huru papo hapo, basi presha ilikuwa imenaswa, na mara nyingi mshitakiwa ni mpira wa breki uliovimba kwa ndani. Unapokanyaga unapitisha mafuta, unapoachia unayazuia yasirudi. Kwa nje unaonekana mzima kabisa. Lakini ukifungua niple na gurudumu likabaki limekaza, achana na mafuta, tafuta chuma: waya wa handibreki, spring ya viatu vya breki, au silinda ya gurudumu iliyoganda. Mbele, kwenye disiki, tafuta pini za kalipa zilizokosa grisi.

La mama lilikuwa waya wa handibreki. Matope ya masika yameingia kwenye ganda lake, waya umeota kutu, kila usiku dereva anavuta, asubuhi anaachia, lever inashuka lakini waya unarudi nusu. Halafu viatu vikilika kidogo gari linakuwa afadhali, fundi mwingine anakaza handibreki, ugonjwa unaanza upya.

Wenye 4WD, kabla sijasahau. Shukeni mkaangalie zile habu za mbele, vile vitovu vya magurudumu vinavyofungwa kwa mkono. Kuna watu walizifunga LOCK wakati wa mvua za Februari na mpaka leo ziko LOCK. Shafti na difu ya mbele zinazunguka kutwa bila kazi, na wewe ndiye unayezilipia.

Kitu cha tatu nilikiona kwenye geji ya joto. Mshale ulikuwa unalala chini, safari nzima hauinuki. Dereva aliniambia kwa fahari, fundi, injini hii haichemki kabisa. Nikafungua pale kwenye thamostati, kile kilango kinachozuia maji ya injini mpaka yapate moto, nikakuta nyumba tupu, mwenyewe hayupo.

Hapa lazima nikiri mbele za watu. Mimi nimetupa thamostati nyingi. Tulifundishwa hivyo gerejini na waliotutangulia: hiki ni kifaa cha nchi za baridi, Afrika kuna joto, kitoe maji yapite. Nani alisema Makambako kuna joto? Mwezi wa sita na wa saba hapa asubuhi tunavaa makoti mawili. Thamostati ya injini kama ile inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Maana yake watengenezaji wanataka injini ifike huko haraka na ibaki huko. Injini inayotembea kwenye nyuzi 50 mafuta yake ya kulainisha ni mazito, dizeli inaungua vibaya kwenye kuta za baridi, silinda zinalika. Ukiwa na la petroli la mfumo wa umeme ni mbaya zaidi, kwa sababu kompyuta ikiona maji ni ya baridi inadhani ndiyo kwanza umewasha, inamwaga mafuta ya kuamshia injini safari nzima. Na kama gari lilikuwa linachemka mpaka mtu akaamua kuitoa, basi rejeta limeziba, au klachi ya feni imekufa, au silinda hedi ina shida. Kuitoa ni kuzima taa ili usione nyoka.

Basi tukabadilisha waya wa handibreki, tukarudisha thamostati, mama akamnunulia mwanawe maneno makali na kununua tairi za saizi yake. Kipimo kilichofuata: kilomita 318, lita 30. Hiyo ni 10.6. Kitonga akaipanda kwa ya tatu. Zile nozeli nilizomtoza hazikuwa na kosa lolote. Pesa ya ufundi nilimrudishia. Ya spea na ya kupimia pampu sikuweza, ilishakwenda kwa wenyewe.

Sasa msije mkatoka hapa mkasema fundi kasema injini za siku hizi haziugui. Zinaugua. Ila mkishajua magurudumu yako huru, ndipo mfungue boneti, na hapo pia kuna cha kuanza nacho.

Anza na pedali. Mtu mmoja akae ndani akanyage mpaka mwisho, wewe angalia kule kwenye pampu, ule mkono unafika kwenye skrubu yake ya mwisho au unaishia njiani? Nimeshaona gari lililokosa nguvu kwa sababu ya zulia. Mwenye gari alinunua mkeka mnene, ukajikunja chini ya pedali, akawa anatumia robo tatu ya injini aliyoinunua yote.

Halafu klachi. Vuta handibreki, hakikisha mbele hakuna mtu, washa, ingiza gia ya nne, achia klachi taratibu. Kama klachi ni nzima, injini lazima izimike. Ikiendelea kunguruma huku gari limesimama, pleti inateleza, na hiyo ndiyo sababu mshale wa mizunguko unapanda mlimani lakini spidi haipandi. Fanyeni mara moja tu, msiirudie rudie, mtaichoma.

Filta ya hewa itoe, itazame dhidi ya jua. Kwa vumbi la barabara za vijijini wakati wa kiangazi, msingoje kilomita za kwenye kitabu. Na msiipige chini kwenye sakafu, inapasuka kwenye mikunjo, halafu mnapeleka mchanga moja kwa moja kwenye silinda.

Moshi nao unasema. Mweusi mtu akikanyaga, mafuta ni mengi kuliko hewa: filta imeziba, nozeli inatema badala ya kunyunyiza, au kuna mtu amefungua ile skrubu ya pampu kukuongezea nguvu. Hiyo ya mwisho ni maradhi ya mjini, vijana wanaomba wafunguliwe, siku mbili gari linakimbia, mwezi wa pili wanalia. Moshi wa buluu ni oili inaungua. Mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi ni mafuta yaliyochelewa kuungua, na hapo nafikiria taiming ya pampu au kompresheni ndogo.

Kama gari linakata nguvu kwenye mlima na kurudi vizuri tambarare, kuna kipimo cha bei ya dumu. Tafuta dumu la lita tano, dizeli safi, na mpira unaoonesha ndani. Chomoa mpira unaotoka tangini kabla ya filta, gari linywe kutoka kwenye dumu, na ule wa kurudisha mafuta nao uuelekeze humo. Panda mlima ule ule. Likipanda vizuri, shida iko huko nyuma: chujio la ndani ya tangi limejaa tope, bomba limebonyea, au mfuniko wa tangi hauvuti hewa. Lisipopanda, angalau umejua tangi halina kosa. Na ukiona mapovu kwenye ule mpira, kuna mahali mfumo unavuta hewa. Pampu hizi za mzunguko zinapanga muda wa kupiga mafuta kwa kutumia presha ya dizeli iliyomo ndani yake. Zikipata dizeli kwa shida, muda unachelewa, na hapo nguvu inapotea na mafuta yanaliwa kwa pamoja.

Pampu hizo hizo hazina oili nyingine ya kuzilainisha zaidi ya dizeli yenyewe. Ndiyo maana dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa inaziua kimyakimya. Vile vinasaba, yaani alama za kemikali, mnavyosikia EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, wakivitaja kwenye mafuta viliwekwa kwa ajili ya ujanja huo. Anayekuuzia kwenye dumu pembeni ya barabara hakuhakikishii kinasaba chochote, na akikupunguzia bei, ujue hiyo tofauti kuna mahali ameipata.

Mkanda wa taiming. Kwenye injini hizi za L unabadilishwa kila kilomita 100,000, na taa yake ya T-BELT inawaka kwenye dashibodi kukukumbusha. Wengine huichomoa balbu. Kama gari lilipoteza nguvu siku ile ile lilipotoka kubadilishwa mkanda, msitafute mchawi: umerukwa jino moja. Litawaka, litatembea, litakula, na halitavuta.

Wenye petroli mmenyamaza sana. Wenye injini ya 22R ya kabureta, chomoeni plagi zote nne mzipange kwa mstari. Rangi ya kahawia ya mchanga ni nzuri. Nyeusi yenye masizi, inapewa mafuta mengi, tazama choki kama imeganda. Nyeupe kavu, inapewa kidogo. Distribyuta, ile inayogawa moto kwenye plagi, ina kiwambo chake kinachovutwa na upepo wa injini ili moto uwahi unapotembea. Chomoa mpira wake, unyonye kwa mdomo. Kikishika ulimi wako ni kizima. Upepo ukipita, kimetoboka, na gari lako linawasha moto kwa kuchelewa kila unapotembea taratibu. Tapeti, yaani ile mianya ya valvu, zipigwe injini ikiwa ya moto: ya kuingiza milimita 0.20, ya kutoa 0.30. Wenye mfumo wa umeme wa zamani, wa kabla ya mashine za kisasa za kusomea makosa, kwenye kile kiboksi cha boneti unganisheni TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washeni swichi, mhesabu taa ya injini inavyopepesa. Mbili halafu moja ni sensa ya oksijeni. Mbili halafu mbili ni sensa ya joto la maji, na hiyo ndiyo inayomdanganya kompyuta kuwa ni asubuhi kutwa nzima. Na kama eksozi limekuwa kimya mno na gari limekabwa, tazameni yale masega ya kusafishia moshi ndani ya eksozi kama yameyeyuka.

Kuna mzee ameniuliza wakati wa chai kwa nini gari lake liko vizuri Dar es Salaam na huku linachoka. Mzee wangu, huku tuko juu ya mita 1,500. Kila ukipanda mita 1,000 hewa inapungua kwa kama asilimia 10, na injini isiyo na turbo inapungukiwa nayo. Hilo halina spea. Ukiona fundi ameliahidi kulitibu, shika pochi.

Na lingine lisilo na spea. Hilux imetengenezwa kubeba kama tani moja. Gunia kumi za kilo mia ndiyo hiyo tani. Sasa hizo lumbesa zetu, magunia yaliyojazwa kupita kipimo, mwenye mizani hapa anyooshe mkono aniambie lumbesa kumi ni tani ngapi. Naona hakuna mkono. Basi msinihukumu kwa kilomita kwa lita ya safari ya lumbesa, nileteeni ya safari yenye mzigo halali, tuzungumze.

Maneno nimeyamaliza, yaliyobaki ni ya mikono. Nimekuja na jeki mbili, chupa za maji na mpira wa kuonesha ndani. Pale nje nimehesabu pikapu kumi na moja, na ile nyeupe iliyo karibu na mwembe ilipoingia asubuhi niliiona ikisimama kabla dereva hajakanyaga breki. Funguo zake ziko kwa nani?